Wageni Wasio Watu

Matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, wazazi wa Rungwe, Mufindi na hata Pemba hupiga hodi mlango mmoja: tovuti ya Baraza la Mitihani. Hapo husongamana pia roboti, yaani programu zinazonakili kurasa bila kuchoka, na mzazi aliyenunua bando kwa fedha za viazi hungoja nyuma yao. Utaratibu wa mwaka 1994 wa kuziambia zisiingie ni ombi tu. Zisizo na adabu huupuuza. Tunawasihi wahusika wasikimbilie kuzifungia anwani za intaneti: simu nyingi za Mbeya na Iringa huweza kutumia anwani moja ya kampuni, na wote wakafungiwa pamoja. Nakala za kurasa zisambazwe katika seva nyingi, tena kabla ya tangazo.