Tuipime Kompyuta ya Tawi Kabla ya Kuitupa



Kamati ya tawi letu hapa Gisenyi iliombwa hivi karibuni ipitishe fedha za kununua kompyuta tatu mpya. Sababu iliyotolewa ni moja tu: za zamani zimechoka. Muuzaji wa mjini alikuwa amekwisha leta hati ya bei, na baadhi ya wajumbe walikuwa wamekwisha nyosha mikono. Mimi nilipinga, nikaitwa mtu wa kurudisha maendeleo nyuma. Naeleza hapa kwa nini nilipinga, maana jambo hili si la tawi moja.

Kwanza tujiulize fedha hizo ni za nani. Ni ada ya mchuma chai wa vilima vya Pfunda, aliyeinama shambani tangu alfajiri, na ya mwenzake anayelinda mitambo ya kiwanda zamu ya usiku. Kila faranga ina jasho.

Lakini kompyuta inayokokota nayo humwumiza mwanachama huyo huyo. Tangu Januari 2025, mchango wa pensheni ulipopanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, wanachama huja ofisini kuhakikisha kwamba makato yao yamefika RSSB. Mtu aliyeomba ruhusa ya saa moja hawezi kukaa nusu saa akingoja kioo kifunguke. Kwa hiyo sisemi tuvumilie ubovu. Nasema tupime kwanza.

Kumbukumbu ya kompyuta, ambayo mafundi huiita RAM, si ghala. Ghala ni diski, ambako hati hukaa hata umeme ukikatika. Kumbukumbu ni meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, karani huinuka kila mara kwenda ghalani na kurudi, na kazi hulala.

Kuipima hakuhitaji shahada. Kwenye mashine ya Windows, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, fungua ukurasa wa utendaji, kisha chagua Memory. Utaona gigabaiti zilizopo, zinazotumika, na mara nyingi pia idadi ya nafasi za kuchomeka vibao vya kumbukumbu na ngapi zimejaa. Fanya hivyo wakati kazi zote za ofisi zimefunguliwa. Kumbukumbu ikijaa, umeuona ugonjwa. Ikiwa nusu yake iko bure na mashine bado inakokota, usinunue kumbukumbu. Mara nyingi kosa ni diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo huweza kubadilishwa kwa SSD.

Kisha fundi ajibu maswali matatu. Je, nafasi ipo, au kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao? Je, ni aina gani? Kibao cha DDR3 hakiingii penye DDR4, wala cha DDR4 penye DDR5. Je, mtengenezaji ameruhusu kiwango gani cha juu? Tena, Windows ya biti 32 kwenye kompyuta za ofisi haivuki gigabaiti 4, hata ukiongeza vibao.

Rwanda tunalo funzo. Mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, ulioanza 2008, ulileta shuleni mashine za XO. Zile za mwanzo zilikuwa na megabaiti 256 tu za kumbukumbu, zilizolehemiwa kwenye ubao. Kazi zilikua, mashine hazikuweza kukua nazo.

Kamati ilipokubali kumwita fundi, alizifungua zote tatu mbele yetu. Mbili zilikuwa na kibao kimoja cha gigabaiti 4 kila moja, na nafasi moja tupu. Ya tatu, ile nyembamba iliyosifiwa kwa urembo, kumbukumbu yake imelehemiwa yote. Basi hitaji la kompyuta tatu limekuwa hitaji la vibao viwili na, huenda, kompyuta moja.

Wenzangu walionipinga wana hoja moja ya kweli. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haidai gigabaiti 4 za kumbukumbu tu, bali pia kichakataji kinachokubalika na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Asiyenacho hatakipata kwa kuongeza kumbukumbu. Mashine ya namna hiyo itiwe Linux au ibadilishwe, maana hatuwezi kuacha majina na makato ya wanachama bila ulinzi. Tena bei ya kumbukumbu ilipanda sana duniani mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza mali yao kwenye mitambo ya akili bandia. Hizi zote ni sababu za kupiga hesabu. Hakuna hata moja iliyo sababu ya kupiga kura gizani.

Napendekeza matawi yote yafuate utaratibu huu. Pasipitishwe ununuzi wowote wa kompyuta bila ripoti ya upimaji, kwa maandishi, ibandikwe ukutani wanachama waisome. Bei ya kuongeza na bei ya kununua ziwekwe pamoja. Na tukinunua mpya, tuchague yenye nafasi ya kuongezwa.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ada ya mfanyakazi ilindwe na wafanyakazi wenyewe.