Harufu ya Petroli Asubuhi: Tusiifunike kwa Udi



Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita tulipokea barua ya dada yetu mmoja wa Likoni. Mumewe yuko Ghuba kikazi, na yeye ndiye aendeshaye gari la nyumba. Asubuhi huwapakia watoto watatu na kuwapeleka skuli, kisha huingia foleni ya feri kuelekea kazini mjini. Alitueleza kwamba kwa muda wa wiki nne mfululizo, kila awashapo gari asubuhi, hutanda harufu kali ya petroli. Baada ya dakika tano hivi, harufu hutoweka kana kwamba haikuwako. Mtoto wake mdogo alikuwa akilalamika kichwa kila afikapo skuli.

Dada huyu hakukaa kimya. Alimpelekea fundi gari mara mbili, na mara zote mbili fundi alifungua boneti, akanusa, akamwambia, "Mama, sioni neno. Gari la umri huu ni kawaida." Mumewe kwa simu alimtaka asubiri mpaka arudi mwezi wa Shaaban. Wifi yake naye, kwa nia njema kabisa, akamshauri atie chetezo ndani ya gari usiku, afukize udi, afunge milango hadi asubuhi. Swali lake lilikuwa fupi: "Je, nivumilie?"

Barua hiyo hatukuiacha ingoje zamu yake katika safu hii. Tulimpigia simu siku ileile tukamwambia mambo mawili: asivumilie, na chetezo kisiingie garini kamwe. Leo tunaeleza sababu, kwani tunaamini nyumba nyingi zina gari la namna hiyo na ushauri wa namna hiyo.

Petroli ikiwa maji haiungui. Kiunguacho ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto letu la Mwambao. Tena ni mzito kuliko hewa. Haupai kama moshi, bali hushuka, hutambaa, na hujikusanya chini ya viti na chini ya gari. Waweza kutambaa hatua kadhaa uani hadi kwenye jiko la makaa la jirani akaangaye mahamri, ukashika moto huko na kuurejesha ulikotoka. Sasa mtu auchukue mvuke huo, aufungie ndani ya gari, kisha auwekee kaa la moto lenye udi juu yake! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Udi ni pambo la nyumba zetu, wala hatuubezi. Lakini hauondoi petroli, huifunika tu pua isitambue.

Hata hivyo, si kila harufu ni hatari. Injini iliyolala usiku hupewa petroli zaidi ya kawaida ili iwake, na sehemu ya petroli hiyo hutoka bila kuungua. Ndani ya bomba la moshi la magari mengi mna kisafishaji, nacho hakianzi kazi yake barabara mpaka kipate joto la nyuzi 250 au zaidi. Basi mtu asimamaye nyuma ya gari akinusa petroli kidogo kwa dakika moja au mbili baada ya kuwasha, harufu hiyo ina udhuru wake. Ile inayosikika mbele kwenye boneti, au ndani walimokaa watoto, au inayozidi siku hadi siku, haina udhuru hata kidogo.

Ili kuzitofautisha, tunapendekeza maswali matatu, nayo hayahitaji ufundi. Harufu iko wapi? Huja lini na kuondoka lini? Na je, huandamana na jambo gani jingine?

Tuanze nyuma. Ikiwa harufu iko kwenye bomba la moshi, na gari linatetemeka, linatoa moshi mweusi, au taa ya injini inawaka mbele ya dereva, huenda plagi mojawapo haitoi cheche, na petroli inapita bila kuungua. Huenda pia injekta inavuja ndani kwa ndani usiku kucha, hata asubuhi gari likawa gumu kuwaka. Hapo chomoa kile kijiti cha kupimia oili, uinuse oili yenyewe. Ikinuka petroli waziwazi, gari lisiendeshwe, kwa sababu petroli huipunguza oili uzito na injini ikasagika.

Ikiwa harufu iko ubavuni, karibu na pale petroli itiwapo, tazama kifuniko cha tangi. Mpira wake ukipasuka au kifuniko kisipofungwa sawasawa, mvuke hutoka. Jambo jingine ni ile desturi ya kuongeza petroli baada ya pampu ya kituoni kujikata yenyewe, ili hesabu ya shilingi ikamilike. Magari mengi ya sasa yana mkebe wa makaa maalumu ya kunyonya mvuke wa tangi. Tukishindilia petroli kupita kiasi, mkebe huo hulowa ukaharibika, na harufu isitoke tena. Pampu ikijikata, tutosheke.

Ikiwa harufu iko ndani, hasa upande wa kiti cha nyuma, na huzidi tangi linapojaa, kumbuka kama pampu ya petroli ilibadilishwa karibuni. Katika magari mengi pampu hukaa ndani ya tangi, na kifuniko chake kiko chini ya kiti hicho. Fundi akikirudisha bila kukikalisha vyema mpira wake, mvuke huingia moja kwa moja walipo abiria. Tazama na buti pia: je, lilibebwa dumu la petroli ya jenereta au ya mashini ya mashua? Tone dogo tu kwenye zulia hunuka kwa siku nyingi.

Harufu ya mbele ndiyo tunayoiogopa zaidi, kwa kuwa petroli na joto la injini hukutana hapo. Katika magari yenye injekta, petroli husukumwa kwa nguvu kuliko upepo uliomo ndani ya gurudumu la gari dogo. Ufa mwembamba kama unywele watosha kuirusha. Magari yetu mengi yaliingia bandarini yakiwa yamekwisha kutumika Ujapani. Mipira yake huzeeka, na joto na hewa ya chumvi huongeza uchakavu huo.

Dada yetu alipojibu maswali matatu, picha ilidhihirika. Harufu ilikuwa mbele. Ilikuja gari likiwa baridi tu. Na haikuandamana na moshi wala mtetemeko. Tulimuuliza fundi mmoja tumwaminiye, naye akauliza jambo ambalo hatukulifikiria: "Gari hupelekwa gereji saa ngapi?" Jawabu: saa saba mchana, baada ya kuendeshwa tangu asubuhi. Akasema, "Basi wenzangu hawakuliona kosa, kwani walilitazama gari lililokwisha kupona kwa siku hiyo."

Gari likalala gerejini. Alfajiri, kabla ya kuwashwa, fundi alizungusha ufunguo nusu tu, pampu ikanguruma kwa sekunde mbili, naye akamulika kwa tochi. Mwisho wa mpira mmoja wa petroli, chini ya kibanio chake, palichomoza unyevu na kutona. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa umri. Ukiwa baridi haukushika bomba. Injini ikipata moto ulilainika, ukatanuka, ukashika, na matone yaliyotangulia yalikuwa yamekwisha kukauka juu ya chuma. Ndiyo maana harufu iliondoka, na ndiyo maana kila mtu alidhani hakuna kitu. Mpira mpya na vibanio vyake havikuzidi bei ya kilo mbili za nyama.

Hapa pana funzo tunalotaka libaki. Tumezoea kuhesabu tatizo linaloondoka lenyewe kuwa si tatizo. Dakika tano alizozidharau kila mtu ndizo zilizobeba ushahidi wote, na aliyekuwepo katika dakika hizo ni mama na watoto wake. Fundi hakuwepo, mume hakuwepo. Kwa hivyo shahidi wa gari hilo ni yeye, na ushahidi wake ulistahili uzito tangu siku ya kwanza.

Dada zetu, mnapokwenda gereji, msiseme tu "linanuka." Andikeni majibu ya maswali matatu kwenye karatasi, mmkabidhi fundi. Ikiwa harufu ni ya asubuhi, ombeni gari lilale huko likaguliwe likiwa baridi. Ombeni mpira maalumu wa petroli unaohimili nguvu ya injekta, si mpira wowote uliopatikana, wala msikubali ufa uzibwe kwa sabuni au gundi. Kisha dai kifaa cha zamani ukione kwa macho yako. Fundi mwaminifu hatachukizwa. Na kama unaona haya kusimama gerejini peke yako, fuatana na kaka au mjomba, lakini maneno uyaseme wewe.

Akina baba, nanyi mlio mbali, mnapoambiwa kwa simu kwamba gari linanuka petroli, msijibu kwa tarehe ya kurudi. Jibuni kwa nauli: watoto wapande tuktuk siku mbili, gari lipumzike.

Mwisho, yakumbukeni haya kwa siku ya dharura. Ukisikia harufu kali kabla ya kuwasha, au ukiona matone chini ya gari, usizungushe ufunguo. Ikiwa injini imekwisha kuwaka, izime. Washushe watoto kwanza, uwapeleke mbali, upande upepo unakotoka. Jiko na sigara visiwe karibu. Usichungulie kwa kiberiti wala kibatari. Moto ukizuka, usiumwagie maji, maana petroli huelea juu ya maji na moto husafiri nayo. Kizima moto cha unga hufaa moto ungali mdogo, nawe uko penye njia ya kukimbilia. Ukishakua, liache gari liungue. Na nguo iliyorowa petroli, liwe buibui au kanzu, ivuliwe na kuanikwa nje hewani, isiingie jikoni.

Dada yetu alituandikia tena wiki jana. Mtoto halalamiki kichwa tena. Mumewe, aliposimuliwa kuhusu mpira ule, alinyamaza kitambo, kisha akamwambia, "Siku nyingine usiningoje." Wifi yake bado hufukiza udi, ila sasa hufukiza ukumbini.

Roho tulizopakia garini ni amana. Kutawakali ni wajibu wetu, na kuchukua hadhari ni sehemu ya wajibu huohuo. Pua aliyotupa Mwenyezi Mungu ni mlinzi wa kwanza wa nyumba. Ikitubishia mlango asubuhi, tuifungulie.

Wabillahi tawfiq.