Barua kutoka Davos kwa Ndugu Zangu wa Hanang

Ndugu zangu wapenzi mlioko Katesh, Gendabi na vitongoji vyote vya chini ya mlima,

Sina budi kuwaambieni kwamba juzi nilighadhibika. Nilikuwa nikisikiliza redio ya nyumbani, akahojiwa mkubwa mmoja juu ya watu wakaao kwenye miteremko wakati wa masika, naye akajibu kwa utulivu kabisa kuwa mambo ya milima ni kudra ya Mwenyezi Mungu, na wananchi wachukue tahadhari. Tahadhari ya nini, wapi, na saa ngapi, hakusema. Wala mtangazaji hakumwuliza, na ninyi, nawajua, hamkumwuliza pia.

Mimi sibishani na kudra. Lakini hapa Uswisi, ambako katika majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 maporomoko ya theluji yalichukua roho 98, hakuna anayemrudishia Mungu kazi ambayo mja amepewa akili ya kuifanya. Kila siku ya majira haya, saa kumi na moja jioni, taasisi ya theluji iliyopo mjini humu hutoa taarifa yenye madaraja 5 ya hatari. Na taarifa hiyo haisemi kwamba milima ni ya hatari, jambo ambalo hata mbuzi analijua, bali hutaja miteremko ielekeayo upande gani, kuanzia kimo cha mita ngapi, na sababu yake: kwamba upepo umerundika theluji mpya juu ya tabaka la zamani lililogeuka chembechembe kama chumvi ya mawe, zisizoshikana, hata uzito wa mtu mmoja ukatosha kuliteremsha bamba zima pale mwinamo unapozidi nyuzi 30. Daraja la 3 ndilo liualo wengi, maana hutangazwa mara kwa mara na watu hulizoea.

Taarifa hiyo haitoki kwenye mashine peke yake. Wapo watazamaji wapatao 200, wakazi wa mabonde haya haya, wapimao theluji mpya asubuhi na mapema; na wako wachimbao shimo mpaka chini, wakajaribu kila tabaka kwa ngumi, na ngumi ikikataa kwa vidole vinne, kisha kidole kimoja, kisha penseli, na mwisho kisu, wakiandika kila lililopenya na lililogoma. Nimesimama kando ya shimo kama hilo, meno yakigongana, nikawakumbuka ninyi kwa uchungu, kwa kuwa hapana elimu hapo isiyowezekana kwetu.

Basi hili ndilo nilitakalo, na nitalisema hata mnichoke: kila kitongoji kiwe na watazamaji wawili, walipwe, japo kidogo, wapewe kipimo cha mvua, watembelee makorongo, waangalie nyufa za ardhi, miti iliyoanza kuinama, na chemchemi zilizogeuka tope, na kila jioni ya masika na vuli, kwa saa moja isiyobadilika, redio itaje daraja na korongo kwa jina lake, si kutusomea orodha ya mikoa. Alfajiri ile ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kwetu Hanang na kuwaua watu zaidi ya 80, nani alikuwa ameambiwa korongo gani?

Mtasema huyu aliyeondoka ana lipi la kutufundisha, naye saa ile alikuwa chini ya blanketi huku sisi tukifukua kwa majembe na mikono. Nilikuwa nimelala, naam; huku ulikuwa bado usiku wa manane, na jambo hilo hunijia kila nizimapo taa.

Wapandao milima hapa kila mmoja huvaa kifaa cha mawimbi kifuani, akabeba ufito wa kuchomea theluji na beleshi jepesi, kwani aliyefukiwa akitolewa katika robo saa ya kwanza aghalabu huwa hai, na nusu saa ikipita matumaini ni haba, helikopta ikiwa bado njiani. Mwokozi ni yule aliye karibu. Fedha za mabati nilizoahidi zitafika mwisho wa mwezi. Sehemu yake inunulieni mabeleshi, na tafadhalini yasifungiwe ofisini kwa mwenyekiti, maana ufunguo wa pale tunaujua sote.