Mvua Siyo Gari la Majitaka (Sehemu ya 3)

Mama zangu, dada zangu, na ninyi baba vijana mnaosoma kimyakimya, leo sibembelezi mtu.

Masika yameanza Dar, na kuna jambo wote tunalijua ila hatulisemi: kutapisha choo. Wingu likishakuwa zito mtu anachungulia dirishani, anasubiri mvua ikolee, halafu anazibua lile tundu la shimo lililoelekezwa mtaroni. Asubuhi anafagia uwanja, anamvalisha mtoto sare, choo kimeshuka. Eti mvua imesaidia.

Imemsaidia nani? Mtaro wa mvua hauendi kwenye mabwawa ya majitaka. Hakuna mahali maji yake yanasafishwa. Yanashuka yalivyo mpaka Mto Msimbazi, yanapita Vingunguti, yanapita Jangwani, yanaingia baharini karibu na daraja la Selander. Na kando ya mto huo huo watu wanamwagilia mchicha. Ule mchicha unapanda sokoni, na mnunuzi ni wewe.

"Sisi tunatumia maji ya bomba, Sista." Haya, toka nje uangalie mipira ya maji ya mtaani kwako inapita wapi. Mingi imelala ndani ya mtaro, imefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli pale ilipotoboka. Maji yakiwepo yanasukuma kwenda nje, ndiyo maana unaona panavuja. Yakikatika, bomba linabaki tupu, na pale palipokuwa panavuja ndipo uchafu wa mtaroni unapoingilia. Siku maji yakirudi, hayo ndiyo ya kwanza kuingia kwenye ndoo yako.

Kipindupindu kinaweza kujitokeza ndani ya saa chache, au hata siku 5, tangu mtu anywe au ale chenye vimelea. Mtoto mdogo anakauka upesi mno. Macho yanaingia ndani, analia bila machozi, ukiifinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi. Sisi tunahangaika kutafuta mshipa, mama anauliza, "Sista, kwani amekula nini?" Mara nyingi hajala chochote cha ajabu. Ni maji ya ndoo ya jana. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia hapahapa Dar, ukasambaa mikoani.

Na pampers! Hapa kina mama tusitafute mchawi. Sijui nani alitudanganya kwamba kinyesi cha mtoto hakina neno. Kina vimelea kama cha mtu mzima. Halafu ile pampers kazi yake ni kunyonya maji na kuvimba. Zikikwama kadhaa kwenye kalavati, maji yanageuka kuelekea sebuleni kwa jirani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tukashangilia, lakini pampers bado tunazirusha mtaroni usiku kama wezi. Kinyesi kidondoshe chooni kwanza, ifunge, iende na gari la taka. Na nepi za kitambaa bado zinauzwa, jamani.

Najua nitajibiwa, "Serikali ijenge mitaro." Kuna maeneo imejenga, mradi wa DMDP umeacha mitaro mizuri ya zege. Kaangalie imejaa nini. (Wa gereji wanaomwaga oili chafu nao wamo, ila ugomvi wao una siku yake.)

Hoja ya pesa naikubali. Gari la kunyonya ni mzigo kwa mpangaji wa chumba kimoja. Lakini choo ni cha nyumba nzima, na mwenye nyumba anapokea kodi kila mwezi. Mkalieni kikao kabla mvua haijakolea, mchange, naye atoe lake. Gari likishindwa kuingia uchochoroni, ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa kuhusu vijana wenye pampu ya mkono, wale wanaobeba uchafu mpaka mabwawani, siyo wanaochimba shimo pembeni wakafukia.

Anayetapisha aambiwe usoni. Asiposikia, mjumbe na afisa afya wa kata wapo. Utaniambia ujirani. Ujirani gani huo wa kuwanywesha watoto wa wenzako choo chako?

Kwa sasa chemsheni maji ya kunywa, hata ya bomba. Sehemu ya 4 ni ORS, maana bado naona pakiti moja inakorogwa kwenye kikombe cha chai badala ya lita 1 ya maji.