Kaboni si dawa ya piroge za Moero

Wandugu wa Ruashi, na ninyi wandugu mliokimbia vita mkaacha nyavu zenu Pweto na Moba, leo sina habari ya kikao wala ya ziara. Nina hasira.

Baba mmoja wa Pweto alinisimamisha njiani akanionyesha video kwenye simu: mzungu anafunika kayaki kwa kitambaa cheusi cha kaboni, anakipaka resini ya epoksi, kisha anaibeba kwa mkono mmoja. Hapa mtaani kuna watu wanaoambia wahami wachange pesa, watatengenezewa piroge kama ile warudi nayo ziwani. Akaniuliza: "Wewe mtu wa redio, unasema nini?" Ninasema hapana.

Kaboni ni nyepesi na ngumu, kweli. Kwa kayaki ya mashindano ni nzuri sana. Lakini mvuvi wa Moero habebi piroge yake kichwani. Anaivuta juu ya mawe, anaigonga kwenye piroge za wenzake. Kaboni ikipigwa hivyo hainyumbuki, inavunjika ghafula. Fiberi ya kioo ni nzito kidogo, inavumilia pigo, na bei yake iko chini mbali. Na kama piroge ni ya gogo lililokunywa maji, epoksi haitashika vizuri. Mti utaoza chini ya ngozi hiyo mpya nawe huoni.

Pesa ni jambo moja. Kinachonichoma zaidi ni mahali wanapotaka kuifanyia kazi hiyo: ndani ya parsele ambamo familia tatu zinalala. Epoksi ni maji mawili, resini na kigumisho, yanachanganywa kwa kipimo cha aliyeyatengeneza, si kwa macho. Ukizidisha kigumisho ili ikauke upesi, inabaki laini na kunata. Ukichanganya nyingi katika ndoo moja, inachemka yenyewe na kutoa moshi. Ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuikataa: vipele vinarudi kila unapoikaribia, hata miaka ikipita. Halafu kuna vumbi la msasa. Vumbi sisi wa Ruashi tunalijua, hatuhitaji jingine. Mtoto anayetambaa pale, nani atamvalisha glavu na maski?

Mtasema napinga vitu vipya. Angalieni Lamu, Kenya. Mwaka 2018 mafundi wa mashua walishusha majini Flipflopi, chombo kilichojengwa kwa plastiki iliyotupwa, na mwaka 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar. Walianza na takataka za pwani yao na ufundi wa wazee wao.

Baba, pesa yako kidogo inunue mbao kavu, misumari, kitu cha kuzibia nyufa, na jile ya kuokolea kwa kila mtu anayepanda. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, imejaa watu kupita kiasi. Walikufa wakiiona nchi kavu. Kaboni ingewasaidia nini?

Na ninyi mnaokusanya michango, njooni redioni mseme wazi: mita moja ya kitambaa ni bei gani, resini inatoka wapi, na mtaipaka katika parsele ya nani.