Kupima jani: mimi napiga kura kwa skana ya saiba

Wanafunzi wa kilimo wakisikia naandika programu, huniomba jambo lilelile: niwaundie kitu cha simu, wapige picha ya jani, kiwape eneo lake. Huwa nakataa, na si kwa uvivu.

Jani ndilo linalonasa mwanga na kupoteza maji, kwa hiyo eneo lake ni data nzito. Tuseme unalinganisha mbolea mbili kwenye sukuma wiki na tofauti unayoitafuta ni asilimia 10. Ukikosea kipimo cha urefu kwa asilimia 5, na upana vivyo hivyo, eneo limekosewa kwa asilimia 10 na ushei. Utafiti umekwisha hapo!

Simu hukosea hivyo kirahisi. Nilinunua sukuma Kenyatta Market (ndiyo, pale pale pa nyama choma na wasusi), na kazi ilikuwa kumsihi mama mboga asinikatie. "Mzima mzima? Utapika aje?" Majani yale yana mawimbi pembeni, hayalali. Ukipiga picha kutoka sentimita 30 juu ya meza, sehemu iliyoinuka sentimita 2 huonekana kubwa kwa takriban asilimia 15. Hakuna programu itakayokusahihishia hilo kwa picha moja.

Skana ya kawaida hulibana jani kwenye kioo, na kipimo chake kinajulikana: kwa nukta 300 kwa inchi, sentimita moja ni pikseli 118, na sentimita mraba moja ni takriban pikseli 13,950. Weka jani ndani ya plastiki angavu, mwenye saiba asikufukuze kwa kumchafulia kioo. Skani na rula pembeni, uhakikishe.

Kisha ImageJ. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Wayne Rasband katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, ikatoka 1997. Ilikusudiwa picha za tiba, lakini kwake jani ni doa tu: unaipa kipimo, unatenganisha jani na mandhari nyeupe, inahesabu. Chanzo chake ki wazi, hivyo msimamizi wako akiuliza namba ilitoka wapi, unamwonyesha.

Easy Leaf Area ya 2014 nayo ni ya bure na ina kasi, ila hutafuta kijani pamoja na kipande chekundu cha kipimo. Terere lenye majani mekundu litakusumbua. Mashine za LI-COR ni nzuri, bei si ya mwanafunzi.

Skana ina dosari moja kubwa: lazima uchume jani. Kama unafuatilia mmea uleule kwa wiki kadhaa, rudi kwa rula. Kwa mahindi, urefu mara upana mkubwa zaidi mara 0.75 hutumika sana. Kwa sukuma tafuta namba yako: chuma majani kama 30 ya mimea ya pembeni, makubwa kwa madogo, yaskani, kisha gawanya kila eneo kwa urefu mara upana.