Mwambieni Msichana Ukweli Kabla ya Kumtajia Bei

KAULI YA WIKI
Na Rehema Mwakio

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa Mama Shiro, msusi wangu wa Kahawa Sukari, yule ambaye wasomaji wa safu hii huniulizia habari zake kuliko wanavyoniulizia zangu. Kiti cha pembeni alikaa msichana wa chuo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Mwanamke wa makamo mwenye simu mbili alikuwa amevuta stuli mbele yake, akimsomea maswali kutoka simu moja na kuandika majibu kwenye nyingine. Urefu wako? Uzito? Kundi la damu? KCSE ulipata nini? Nyanya yako mzaa mama alifariki kwa ugonjwa gani? Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua akili? Una picha ya utotoni inayoonyesha uso vizuri?

Nilidhani msichana anaandikishwa kwenda kutafuta kazi Ghuba. Kisha mwanamke yule akataja pesa, na baada ya pesa akataja kliniki, ndipo nikaelewa kwamba kilichokuwa kikitafutwa ni mayai yake ya uzazi. Kiasi chenyewe kingelipa karo ya muhula na kodi ya chumba, na kingebaki cha kutuma nyumbani. Macho ya msichana yalikwama hapo kwenye pesa. Nani wa kumlaumu?

Alipopata sauti, aliuliza maswali matatu.

“Anti, inauma?”

“Kidogo tu. Kama sindano ya malaria.”

“Inachukua muda gani?”

“Nusu saa, unarudi zako hosteli. Na ukitaka, baada ya miezi mitatu unakuja tena.”

“Na nikitaka watoto wangu baadaye?”

“Mrembo, mayai unayo mamilioni.”

Sikuweza kunyamaza. Niligeuza kiti, Mama Shiro akiwa bado ameshika kitana, nikamwambia wakala yule kwamba anamdanganya mtoto wa watu. Alinitazama bila haraka akanijibu: “Mama, wewe ndiye unamlipia karo?”

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo wiki nzima, kwa sababu lilinichoma mahali pa kweli. Mkopo wa HELB hucheleweshwa, mzazi kijijini ameuza alichonacho, na mwenye nyumba hasubiri. Wakala anajua tarehe za karo kuliko mkuu wa chuo. Ndiyo maana haji saluni mwezi ambao wanafunzi wana pesa.

Niseme msimamo wangu mapema. Sipingi mwanamke kumpa mwanamke mwenzake yai. Nimekaa na wanawake ambao ovari zao ziliacha kazi wakiwa na umri wa miaka thelathini, wengine baada ya matibabu ya saratani, na nimesikia wanavyoitwa tasa katika vikao vya ukoo, mbele ya sahani walizozipakua wenyewe. Nimeona mawifi wakihesabu miaka ya ndoa ya mtu kwa sauti. Tangu Louise Brown azaliwe Uingereza mwaka 1978 kwa mimba iliyotungwa nje ya mwili, na tangu watoto wa kwanza wa njia hiyo wazaliwe hapa Kenya mwaka 2006, wanawake wa namna hiyo wamepata mlango wa kupitia. Yai la mwanamke mwingine ni sehemu ya mlango huo. Msomaji wangu wa Lamu, ambaye huniandikia kila nikigusa ndoa, atanikumbusha kwamba wanazuoni wengi wa Kisunni wanaharamisha jambo hili, na padri wa parokia yetu ataniambia Kanisa Katoliki nalo linalikataa. Nawaheshimu wote wawili, na msichana mwenye imani yake ana haki ya kuisikiliza. Ninachokikataa mimi ni jambo ambalo hata anayeruhusu hawezi kulitetea: kumtajia mtu bei ya kitu kilicho ndani ya mwili wake kabla ya kumweleza kitatolewaje.

Kwa hiyo nilimweleza mimi, pale pale, wakala akisikiliza. Na kwa kuwa najua safu hii husomwa na mabinti kwenye simu za mama zao, nayarudia hapa.

Nilianza na yale mamilioni. Ni kweli kwamba mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni moja na milioni mbili. Akivunja ungo yanakuwa yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Kila mwezi kundi la mayai huanza kukua, moja hukomaa, mengine hufa. Sindano za kliniki huyawezesha kukomaa mengi ya yale ambayo yangekufa mwezi huo, kwa hiyo kutoa mara moja hakumalizi akiba ya mtu. Idadi wakala aliitia chumvi, ila kuhusu akiba hakusema uongo. Alichokificha ni kila kinachotokea kati ya kusema ndiyo na kupokea pesa.

Hakuna nusu saa. Kuna wiki kadhaa. Kwanza ni vipimo: Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, selimundu, kiwango cha homoni, na ultrasaundi ya kuhesabu vifuko vya mayai. Kifaa cha ultrasaundi hiyo huingizwa ukeni. Msichana alishtuka nilipolitaja hilo, na mshtuko wake ulinithibitishia kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Kliniki inayojiheshimu humkalisha pia na mshauri nasaha, peke yake, bila wakala mlangoni. Wengi hupewa kwanza vidonge vya kupanga uzazi ili mzunguko wao uendane na wa mama atakayepokea.

Kisha sindano za homoni, za chini ya ngozi ya tumbo, kila siku kwa saa ile ile, kwa muda wa siku nane hadi kumi na nne hivi. Wengi hujidunga wenyewe. Kila baada ya siku mbili tatu anarudi kliniki kupimwa damu na kupigwa ultrasaundi tena, na ratiba hiyo haijali mtihani wala darasa. Tumbo linajaa, matiti yanauma, hasira na machozi vinakuja bila taarifa. Akikutana na mwanamume bila kinga siku hizo anaweza kushika mimba ya watoto zaidi ya mmoja. Haruhusiwi kukimbia wala kurukaruka, kwa sababu ovari iliyovimba inaweza kujisokota, na ikijisokota ni upasuaji wa dharura.

Ikifika siku yake, hupigwa sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, kwa saa iliyopangwa barabara. Saa 34 hadi 36 baadaye huingizwa chumba cha upasuaji, hupewa dawa ya usingizi, na daktari akiongozwa na ultrasaundi hupitisha sindano ndefu kwenye ukuta wa uke hadi ndani ya ovari, akivuta majimaji ya kifuko kimoja baada ya kingine. Mayai kumi hadi ishirini si ajabu. Hiyo ndiyo ile nusu saa ya wakala. Akiamka anahitaji mtu wa kumpeleka nyumbani, na siku chache za kulala akiwa na maumivu ya tumbo na matone ya damu.

“Na hiyo ndiyo ikienda vizuri,” nikamwambia.

Ikienda vibaya, ovari huitikia homoni kupita kiasi. Tumbo linajaa maji, uzito unapanda haraka, mtu anatapika, mkojo unapungua, anahema kwa shida, damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Hali kali huwapata wachache, ila wachache hao hulazwa, na wasipofikishwa hospitali mapema wanaweza kufa. Walio katika hatari zaidi ni wasichana wadogo wenye mayai mengi, yaani hao hao mawakala wanaowatafuta katika mageti ya vyuo na viti vya saluni. Upo uchaguzi wa sindano ya mwisho unaopunguza sana hatari hiyo, na msichana anapaswa kumuuliza daktari ni ipi atakayompiga. Lakini mtu atauliza vipi swali ambalo hajui kwamba lipo?

Mumbai, mwaka 2010, msichana wa miaka 17 alifariki baada ya kutolewa mayai. India baadaye ikatunga sheria. Sheria yao ya mwaka 2021 inasema mtoa mayai awe na umri wa miaka 23 hadi 35, atoe mara moja tu maishani, yasivutwe mayai zaidi ya saba, na awekewe bima. Marekani, ambako soko hili ni huria kuliko kwingi, chama cha madaktari wa uzazi kinashauri mtu asizidishe mara sita katika maisha yake yote. Uingereza humlipa mtoa mayai fidia iliyowekewa kikomo, pauni 750 tangu mwaka 2012 hadi ilipopandishwa mwaka 2024, ili pesa isiwe ndiyo inayomsukuma. Sisi tunaye mwanamke mwenye simu mbili anayesema “baada ya miezi mitatu unakuja tena.”

Sababu ya sheria yetu kuchelewa naijua. Mbunge wa Suba Kaskazini, Millie Odhiambo, ameusukuma mswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi katika mabunge matatu mfululizo, kwa zaidi ya miaka kumi. Wabunge waliokesha kujadili marupurupu yao waliona haya kuzungumzia ovari za binti zao. Ucheleweshaji huo ulikuwa na gharama, na gharama ililipwa na wasichana waliolala kwenye vitanda vya kliniki bila mtu wa kuuliza watapona vipi.

Mama Shiro, aliyekuwa kimya kuliko nilivyowahi kumwona, ndiye aliyeuliza kuhusu mtoto. “Na huyo mtoto akikua akamtafuta?” Wakala akajibu upesi kwamba ni siri, jina halitajulikana kamwe. Huo ndio uongo ulionikera kuliko wote, kwa sababu ni ahadi isiyo mikononi mwake. Uingereza, mtu aliyezaliwa kwa yai lililotolewa baada ya tarehe 1 Aprili 2005 ana haki ya kupewa jina la aliyelitoa akifikisha miaka 18. Na hata pale ambapo sheria inaficha, vipimo vya vinasaba vya kuagizia nyumbani vinafichua. Binamu mmoja tu akitema mate kwenye kichupa, ukoo mzima unaonekana. Msichana wa leo ajiandae kwamba siku moja, akiwa na mume na watoto wake, anaweza kupigiwa simu na kijana mwenye macho kama yake. Pengine atafurahi. Pengine hatafurahi. Ila alifikirie hilo sasa, si siku simu itakapolia.

Wakala aliondoka akisema ana mteja mwingine Roysambu. Msichana alibaki. Hakuniambia kama atakubali au atakataa, nami sikumuuliza, maana uamuzi si wangu na karo kweli siilipi mimi. Alitaka tu kujua aulize nini akienda. Mama Shiro akatoa kalamu.

Tuliandika nyuma ya risiti. Nani atakayelipa hospitali nikiugua, na kwa muda gani? Mzunguko ukisimamishwa katikati kwa sababu mayai hayakukua vizuri, nitalipwa au nitaambiwa pole? Nikibadili mawazo kabla ya kutolewa, nitadaiwa? Mayai yangu yatapewa familia ngapi? Nitapewa nakala ya mkataba nikae nayo, niisome na mtu wangu? Daktari wangu atakuwa nani? Hili la mwisho nililipigia mstari. Daktari anayelipwa na wenye kuhitaji yai anatamani mayai mengi, na si lazima awe mtu mbaya ili atamani hivyo. Binti naye anahitaji mtaalamu mmoja ambaye kazi yake ni yeye peke yake.

Kliniki nzuri zipo, na zitayajibu maswali haya bila kukunja uso. Mwanamke aliyeelezwa yote, akakubali akiwa na akili timamu na bila mwenye nyumba kumgongea mlango, anatoa zawadi ambayo sina maneno ya kuisifia, na fidia anayopewa ni haki yake kwa maumivu na muda wake. Nitamtetea mbele ya yeyote. Wizara ya Afya iwaondoe mawakala wa saluni, iweke daftari la watoaji mayai ili mtu asizungushwe kliniki hadi kliniki, na ikatae kuipa leseni kliniki yoyote ambayo haijamwekea mtoa mayai bima.

Kwa nyinyi wenye kliniki mnaowatuma hao wanawake wenye simu mbili, nina neno moja. Mnataka kujua nyanya ya huyo binti alikufa kwa ugonjwa gani. Yeye mpeni nambari ya daktari atakayepokea simu saa nane usiku tumbo likianza kuvimba. Kama hamna nambari hiyo, msimguse.